Kumfuata Masika Kwenye Mawe ya Goma

Tangu nirudi, siwezi kukaa kwa kinyozi wala kusimama mbele ya kanisa bila mtu kuniuliza: mwalimu, Goma kulikuwaje? Nimesimulia mara nyingi mpaka nimejikuta naongeza chumvi, na Jumapili iliyopita mlima ulipasuka mara mbili mdomoni mwangu. Basi naandika mara moja, kama ilivyokuwa, na ninyi rafiki zangu mpokezane hizi karatasi. Habari za vibali na mihuri naziacha. Mnazijua, na zinachosha.

Butembo, kabla ya kutoka

Nyiragongo ilipopasuka tulisikia kwenye redio kwamba moto umeshuka mpaka katikati ya mji wa Goma na kuingia ziwani. Dada yangu Masika anakaa huko. Aliolewa huko, mume akafa, yeye akabaki na cherehani yake na parsele, yaani kiwanja alichoachiwa na marehemu pamoja na nyumba. Kwa siku sita hatukujua kama yuko hai. Siku ya saba fonie ya parokia, ile redio ya kupigiana, ikatuletea maneno machache: Masika mzima, nyumba imekwisha, parsele iko chini ya mawe.

Mama yetu macho yamemchoka kabisa. Anatambua watu kwa sauti na kwa jinsi wanavyokanyaga. Ana wana wa kiume watatu na wake za wana watatu, wote tuko Butembo, lakini mama hawezi kuoshwa na mke wa mwanawe. Kwake ni aibu isiyosemeka: mkamwana hapaswi kuuona mwili wa mama mkwe. Aliyekuwa akimwogesha ni mdogo wake, naye tulimzika kabla ya Noeli. Tangu hapo mama alikuwa anaoga peke yake nyuma ya nyumba, na alikuwa ameshaanguka mara mbili. Kulibaki binti mmoja tu wa kuifanya kazi hiyo, na binti huyo ndiye Masika.

Mama aliniita, akanishika mkono wa shati, akasema: “Kambale, wende umulete Masika. Kule moto itarudia. Hapana rudi peke yako.”

Nikamjibu ndiyo, mama. Sasa niwaambie ukweli, maana ninyi si mapadri. Nusu ya ile ndiyo ilikuwa ya Masika, nusu ya pili ilikuwa ya mlima. Nimefundisha jiografia miaka na miaka. Kila mwaka nachora ubaoni mlima wenye tumbo la moto, koo, mdomo, na mishale inayoonyesha moto unapandia wapi. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayeuliza: mwalimu, weye uliuona? Nami nafuta ubao haraka na kuhamia kwenye mito.

Butembo hadi Beni, yaani kwenda nyuma

Goma iko kusini kwetu. Mimi nilianza safari kwa kwenda kaskazini. Kwa sababu ya vita, makamyo yaliyothubutu kufika Goma yalikuwa machache sana, na moja lilikuwa la Ramazani wa Beni. Mji wa Goma haukuwa na nyumba tena, donc ulihitaji mbao, na Ramazani alikuwa anapakia mbao za upande wa Mbau. Watu wenye akili waliniambia nimngoje hapa hapa Butembo, lazima apite. Nikakataa. Niliogopa kukosa nafasi, nikajiona mjanja, nikapanda pikapu ya vitunguu kwenda kumkuta kwake.

Ramazani ni mtu wa makamo, mwembamba, kofia haimtoki kichwani. Baba yake alikuwa na kamyo, babu yake pia alisafirisha mizigo, na yeye haachii mtu usukani. Alinipokea kama ndugu. Akaniambia tutaondoka kesho, nikafurahi, sikujua kwamba kesho ya Ramazani ina siku tatu ndani yake. Mbao zilikuwa hazijafika zote, halafu zilifika zikiwa zimelowa, halafu tairi moja likahitaji kushonwa. Mke wake, Mama Zaina, alinilisha wali na maharagi, na samaki wa kukaanga, mpaka nikaona haya kulalamika.

Asubuhi ya pili mawingu yalifunguka na Ruwenzori ikaonekana, theluji juu. Wafanyabiashara waliokuwa wakikaa mbele ya depo ya mbao waliniuliza kama na huo utapasuka. Sikuweza kunyamaza. Nikawaeleza kwamba Ruwenzori si mlima wa moto, ni kipande cha dunia kilichobanwa na kusukumwa juu, ardhi ya pembeni ikashuka. Mmoja akauliza kama bado unasukumwa. Nikasema ndiyo, ila polepole sana. Wallahi sikusema zaidi ya hapo. Saa nane mchana Mama Zaina alirudi kutoka sokoni na habari kwamba mwalimu mmoja wa Butembo amesema mlima unakuja, na kuna mama muuza makayabo amefunga samaki wake wa chumvi na kwenda kwa dada yake Oicha.

Ramazani alicheka mpaka akakaa chini. “Mwalimu,” akasema, “hapa Beni tuko na vita, tuko na malaria. Hapana tuongezee mulima.”

Kupita mlangoni kwetu

Siku ya tano tangu niage nyumbani, nilipita mbele ya nyumba yetu nikiwa juu ya mbao. Ramazani alisimama kununua mafuta kwa jirani. Nilitamani kujificha kwa aibu, majirani wakawa wananipungia mikono na kunipa pole ya safari. Mama alisikia kamyo. Akatoka akipapasa ukuta, na uso wake wote ulikuwa unacheka.

“Masika?” akaita.

Nikashuka. Nikamwambia ni mimi, mama, bado sijafika, ndiyo naenda. Alinishika mkono, halafu akapeleka mkono wake nyuma yangu, kuhakikisha kama hakuna mtu wa pili. Akasema haya, safari njema, akarudi ndani. Nilijisikia vibaya mno. Ramazani alikuwa ameona yote, na kutoka hapo hakuniruhusu tena kupanda juu, alinipa kiti cha mbele pembeni yake.

Barabara ya Lubero ni baridi na matope. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima. Tulipokwama mara ya kwanza, Ramazani alishusha mbao ishirini hivi, akazipanga chini ya magurudumu, kamyo ikapita juu yake, tukazipakia tena zikiwa na matope. Tulifanya hivyo siku moja na nusu. Abiria sote tukawa wapakizi, hata padri mmoja kijana aliyekuwa amepanda Musienene alivua koti. Mama mmoja wa kando ya barabara alitupikia viazi na sombe, yaani majani ya muhogo, tukala tumesimama. Ramazani aliuliza kwanza sombe imepikwa na mafuta ya nini. Mama yule akacheka, akamwambia nguruwe wake bado yuko hai pale nyuma, akamwangalie mwenyewe.

Kayna

Karibu na Kayna utawala ulikuwa unabadilika, kutoka kundi moja lenye bunduki kwenda jingine. Upande mmoja ni bariere, kizuizi cha barabara, ya hawa, unatembea kidogo kwenye barabara tupu, unakuta bariere ya wale. Kwa hawa tulipita vizuri. Kwa wale, askari mmoja alifungua mfuko wangu, akakuta daftari langu la masomo, na ndani ya daftari akakuta mlima wangu wenye mishale.

Jaribuni kumweleza askari kwamba mishale si njia za majeshi. Akaniuliza kazi yangu. Nikasema mwalimu. Wa nini? Wa jiografia. Akaita mwenzake, akamwambia kwa Lingala kwamba amekamata mtu wa ramani. Nikawekwa kwenye kibanda cha udongo, Ramazani na kamyo yake wakaambiwa wasubiri. Nilikaa pale toka asubuhi mpaka komanda alipoamka usingizi wa mchana, na sikuwa na woga mdogo, maana siku hizi watu wanapotea kwa mambo madogo kuliko hilo.

Komanda alikuwa kijana, macho mekundu. Aliangalia mchoro wangu muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: ni nani aliyetupa bomu ndani ya mlima? Askari wake walikuwa wamegawanyika. Wengine walisema ni maadui, wengine walisema ni wazungu, na mmoja alikuwa anasali kila jioni ili moto usifike Kayna.

Nyuma ya kibanda akina mama walikuwa wanasonga bugali wa askari kwenye sufuria kubwa. Nikaomba ruhusa tukasogee huko. Nikawaonyesha uji unavyochemka kabla unga mwingi haujatiwa: moto uko chini, uji mzito uko juu, mvuke ukikosa njia unapasua uso wa uji na kuruka. Ukiwa mzito unaruka kwa kishindo, ukiwa mwepesi unamwagika tu na kutiririka. Ule wa Goma ni mwepesi, nikasema, ndiyo maana ulikimbia mbio mpaka mjini. Hakuna aliyeuwasha. Mama aliyekuwa na mwiko alinisikiliza mpaka uji ukaanza kuungua. Yule askari wa sala akauliza kama Kayna iko na tumbo kama hilo chini yake. Nikamwambia hapana, na nilikuwa na hakika, akashusha pumzi.

“Tika ye aleka,” komanda akasema, mwacheni apite. Mchoro wangu akabaki nao. Ramazani alipowasha kamyo aliniambia hajawahi kuona mtu anayefungwa kwa kufundisha na kufunguliwa kwa kufundisha.

Kutoka Kanyabayonga kushuka

Ukifika Kanyabayonga nchi inakatika. Umesimama kwenye ubaridi, na chini kabisa unaona tambarare ya manjano, joto likitetemeka, na ziwa kwa mbali. Nilikuwa nimeusoma ule ufa wa dunia kwenye vitabu, lakini miguu yangu ilikuwa haijawahi kusimama ukingoni mwake. Ramazani alitandika mkeka wake pembeni ya gurudumu, akasali alasiri. Alipomaliza nikamweleza kwamba hapa ardhi inaachana, upande huu unakwenda kwake na ule unakwenda kwake, na pale inapochanika ndipo moto unapopata njia ya kupanda. Akawaza kidogo.

“Na barabara itabakia upande gani?” akauliza.

Tambarare tuliivuka bila kusimama, kwa sababu ya wenye bunduki wanaokaa kwenye nyasi. Sikuona mnyama hata mmoja isipokuwa nyani. Tulipumua Rutshuru. Hapo tulikula maharagi mapya na avoka, yaani maparachichi, na nawaambieni, maharagi ya kule ni mengine. Niliingiza mkono kwenye shamba la kando ya barabara. Udongo mweusi, laini, mkono unazama mpaka kwenye kifundo. Nikamwambia Ramazani kwamba huu wote ni majivu na mawe ya milima hii, yaliyooza miaka mingi sana iliyopita. Yeye alichotaka kujua ni kwa nini milima haikutupa kidogo upande wa Beni.

Goma

Tulifika saa nne asubuhi. Barabara ilikuwa inakwenda vizuri, halafu ikaisha. Mbele yetu kulikuwa na ukuta mweusi wa mawe, umelala juu ya lami. Ramazani akaanza kushusha mbao hapo hapo, kabla hata hajazima injini wateja walikuwa wameshamzunguka.

Nikapanda juu ya mawe na kuingia mjini kwa miguu. Fikirieni bugali uliomwagika sakafuni ukakauka na kupasuka, lakini mweusi, na unene wake ni kimo cha mtu, na umelala juu ya mji. Harufu ya kiberiti ilikuwa inakaba koo. Joto lilipanda kupitia soli za viatu. Watu walikuwa wameshatengeneza vijia juu yake, machukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, yanapita na mbao, akina mama wameweka meza za nyanya. Upande wa ziwa moto ulikuwa umeingia majini na kuganda, na Goma imepata ardhi ambayo haikuwa nayo mwezi uliopita. Mimi, aibu yangu, nilikuwa na furaha. Niliinama kila hatua chache, nikaokota jiwe lenye matundu, jiwe linalong'aa, jiwe lililosokotwa kama kamba, nikajaza mifuko ya koti.

Mama mmoja alisimama na ndoo yake ya maji. “Papa,” akasema taratibu, “uko naokota nini mu nyumba ya batu?”

Nikaangalia chini. Kwenye ufa kulionekana kipande cha bati. Nilikuwa nimesimama juu ya paa la mtu. Nikatoa mawe yote mfukoni, nikayaweka chini moja moja, nikamwomba msamaha.

Masika nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya weusi ule, ameshika mwavuli, kichwa cha cherehani kiko miguuni. Siku ya moto aliacha meza, akabeba kichwa cha cherehani juu ya kichwa chake, akakimbia nacho mpaka ng'ambo ya mpaka, na kurudi nacho. Alipokuwa analala, kwenye hangari, lile banda kubwa la parokia, alikifanya mto. Aliniona, akasema nimenenepa. Kisha akalia kidogo, nami nikalia.

Swali lake la kwanza lilikuwa: “Nani anaogesha mama?”

Nikamwambia hakuna. Nikamwambia habari za kuanguka. Nikampa maneno ya mama kama nilivyopewa. Akasema atanijibu shefu wa avenyu, yaani mkuu wa mtaa, akishapima viwanja.

Tatizo lilikuwa hili. Jirani yake Bahati, fundi wa baiskeli, alikuwa amesimika miti yake minne mahali ambapo Masika anasema ni pake. Bahati si mwizi. Aliamini kabisa kwamba ndipo palipokuwa nyumba yake. Ni nani angemsahihisha? Njia, kuta, misingi, vyote vilikuwa chini, na juu ni jiwe moja tu kila upande. Karatasi za Masika ziliungua ndani ya nyumba. Shefu, baba mmoja aliyechoka anayetembea na kamba ya kupimia, alikuwa amesema kwamba keshokutwa anamaliza, na asiye na alama wala shahidi atapewa mahali pengine, mbali, upande wa Sake. Kwa mshonaji hiyo ni kufukuzwa, kwa maana wateja wake wote wako hapo.

Shimo

Jioni ile, tukila sambaza, dagaa wa ziwani, kwenye hangari, niliwauliza watu wa avenyu kama kuna kitu chochote cha Masika ambacho wote walikijua. Wakajibu kwa pamoja: mti wa avoka. Ulikuwa uani kwake, mnene, na hakuna mtu wa avenyu ambaye hakula matunda yake. Lakini mti umeungua, wakasema, umekwisha.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu. Nikawaambia mti unaungua, ndiyo, lakini hauungui mara moja. Moto unaotiririka unauzunguka mti, unagandia kwenye maji ya gome lake, unakuwa jiwe wakati mti bado umesimama. Mti unaungua baadaye, na mahali pake panabaki tundu la duara, kama kisima. Nimelichora tundu hilo ubaoni kila mwaka. Masika aliacha kula, akanitazama.

Asubuhi tulitafuta: mimi, Masika, na Bahati mwenyewe, ambaye alikuja kwa hiari yake. Tundu la kwanza lilikuwa jembamba, la mkaratusi. La pili vile vile. La tatu lilikuwa pana kama mdomo wa sufuria ya arusi, hatua tano kutoka kwenye mti mmoja wa Bahati. Kabla mtu hajainama nikawazuia, kwa sababu ya mazuku, ile hewa nzito ya ardhini inayolala mashimoni na kuua mtu bila kelele. Nikawasha karatasi, nikaiteremsha kwa kamba. Iliendelea kuwaka mpaka chini, basi hewa ilikuwa salama.

Masika akalala kifudifudi juu ya jiwe, akaingiza mkono mpaka begani. Ndani bado mlikuwa na joto, na ukuta wa tundu ulikuwa umechukua makunyanzi ya gome. Akapapasa kuzunguka. Akasimamisha mkono. Marehemu mume wake alikuwa amezungusha waya wa kuanikia nguo kwenye ule mti, mara tatu, akaukaza kwa koleo. Waya ulikuwa umo humo, umeshikwa na jiwe.

“Iko hapa,” akasema. “Iko hapa, Kambale.” Alilia pale pale akiwa amelala, na mkono hakuutoa kwa muda mrefu.

Kutoka kwenye tundu alijua kila kitu. Hatua saba ni mlango. Hatua nne upande wa pili ni jiko. Shefu akaja na kamba yake, watu wa avenyu wakaja, wote wakakubali kwamba hiyo ni avoka ya Mama Masika. Bahati aling'oa miti yake bila neno. Tukahesabu tena kutoka tundu lile lile, tukamkuta na yeye parsele yake, karibu zaidi na njia kuliko alivyodhani, akafurahi kuliko Masika. Habari zikaenea. Kwa siku mbili nilizunguka na shefu, mwalimu huku, mwalimu kule, watu wananiita nikawatafutie mipera yao na misonobari yao. Niliwafundisha jiwe hili limetoka wapi na litakuwa nini. Niliwaambia kwamba vitukuu wao watalima hapa, kwamba Rutshuru nayo ilikuwa hivi. Sijawahi kufundisha vizuri vile, na sijawahi kusikilizwa vile.

Siku ya tatu nikaenda kumwambia Ramazani atuwekee nafasi mbili za kurudi. Nikamkuta Masika amesimama kando ya kamyo. Alikuwa anagonga mbao kwa kidole, moja moja, anachagua.

Nilielewa kabla hajasema. Nikamwambia: yaya, dada yangu, mama anakungoja. Akasema anajua. Nikamwambia moto utarudi. Akasema utarudi, ndiyo, na kwamba mimi mwenyewe nimeiambia avenyu nzima kwamba hii itakuwa udongo mzuri kuliko wa Butembo. Kisha akasema polepole, akinishika mkono.

“Ile siku ulifika, mufuko yangu ilikuwa imefungwa. Nilisema nitaachia Bahati ile fasi, nikuye na weye Butembo, niogeshe mama. Sasa nimeshika waya ya bwana yangu na mukono yangu. Nitaiacha namna gani?”

Nilimsaidia kubeba mbao.

Kurudi

Safari ya kurudi ilikuwa nyepesi, kamyo ilikuwa na maharagi tu, na barabara ilikuwa imekauka. Sikumfundisha mtu chochote njiani. Ramazani aliniuliza kuhusu mlima mmoja, nikasema sijui, akaniacha. Tulipoingia Butembo alisema kama nataka ataingia na mimi kumsalimu mama. Nikakataa.

Mama alikuwa amekaa mlangoni, kwenye jua. Nilimwona akiinua kichwa na kusikiliza miguu. Nilikuwa nimebakiza hatua nyingi, lakini alikuwa ameshajua. Nikakaa chini mbele yake, nikasimulia yote, sikuficha tundu, sikuficha mfuko uliokuwa umefungwa. Aliuliza swali moja tu: Masika alilia kwa uchungu ama kwa furaha? Nikasema furaha. Akatikisa kichwa.

“Nilikutuma umulete,” akasema mwishoni. “Weye ukaenda kufundisha.”

Hakunigombeza zaidi ya hapo. Aliingia ndani. Siku tatu hakuoga, na hakuna aliyethubutu kumwambia neno. Siku ya nne, asubuhi, alimwita mke wangu kwa jina lake, akamwomba achemshe maji na afunge mlango.